Wachekeshaji wanawake huja ukumbini kwangu mara moja, kisha hawarudi

SWALI

Kwenu washauri, hamjambo?

Naandika kutoka Kisauni. Mimi na mwenzangu tunaandaa vichekesho vya jukwaani kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika ukumbi mmoja upande wa Nyali. Watu hufika sabini, mwezi mzuri hufika tisini. Tunapandisha wachekeshaji wanane, na kila mara najitahidi awemo mwanamke mmoja. Tatizo ni kwamba huja mara moja, kisha hawarudi. Kwa mwaka mmoja nimepandisha wanawake tisa. Aliyekubali kurudi ni mmoja tu.

Wa mwisho ndiye aliyeniuma zaidi. Ni binti mwenye ulimi, watu humwita makusudi awasherehekee kwenye harusi. Emsii wetu alimkaribisha kwa kusema, "Sasa tupate kitu cha kutuliza macho." Stendi ya maiki ilikuwa imeachwa juu na mwanamume aliyemtangulia, na maiki yenyewe ikaanza kulia. Vijana wa meza ya mbele wakamuuliza kama ameolewa. Alikuwa na dakika saba, akasema tatu, akashuka. Kesho yake mtu alikuwa ameshaiweka video mtandaoni, kakake akaiona, na tangu hapo simu yangu hapokei.

Tarehe 8 Machi 2025 mfadhili alitaka tuandae usiku wa wanawake watupu kwa Siku ya Wanawake Duniani. Tulichukua ukumbi wa viti 120, mwenye ukumbi akatupunguzia bei, tukaanza saa mbili na nusu usiku. Walikuja watu 25. Tangu siku hiyo mwenzangu ana neno moja tu, kwamba wanawake hawajazi ukumbi.

Je, niendelee na usiku wa wanawake peke yao au niwachanganye na wanaume? Nifanye nini ili warudi? Na pesa zitatoka wapi nisipate hasara?

Mwandaaji, Kisauni

JIBU

Dada Mwandaaji,

Tuanze na lile la watu 25, maana mwenzako amelifanya hukumu na halifai kuwa hukumu. Tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa ndani ya Ramadhani. Saa mbili na nusu usiku ni wakati wa tarawehe. Mwenye ukumbi alikupunguzia bei kwa sababu alijua ukumbi wake ungekaa mtupu usiku ule. Hata ungempandisha mchekeshaji mwanamume anayejulikana Kenya nzima, Mombasa ile usingeijaza. Mwaka 2026 tarehe hiyo iliangukia tena ndani ya mfungo. Mfadhili akitaka Siku ya Wanawake, mwombe pesa zile zile azielekeze kwa maonyesho manne ya kawaida yaliyotawanywa mwakani, kila moja likiwa na wanawake kwenye orodha. Akikataa kwa kuwa anataka picha na bango la tarehe 8, basi hakuja kuwasaidia wachekeshaji, na ni bora ulijue mapema.

Jibu letu kwa kila ulilouliza linasimama juu ya jambo moja: mchekeshaji hutengenezwa na dakika anazosimama mbele ya watu. Dakika tano zinazoshika, ambazo ukumbi wowote utazicheka, hazipatikani kabla hazijasemwa mara ishirini, thelathini, kila mara mwenyewe akiondoa neno hapa na kubadilisha pale. Mwanaume anayepanda kwako kila mwezi ana mara kumi na mbili kwa mwaka, na nyingine anazipata kwenye kumbi za wenzenu. Wanawake tisa uliowapandisha wamepata mara kumi kwa jumla yao wote. Halafu mnawalinganisha usiku mmoja, jukwaa moja, na mnasema wale ndio wenye kipaji.

Kipaji kipo, na Pwani kimekuwepo siku zote. Nani asiyejua nyimbo za vugo, wanawake wakigonga pembe za nyati na kumtania bwana harusi na ukoo wake mzima? Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Mombasa vilishindana kwa kusutana kwa nyimbo hadi mji ukagawanyika. Mafumbo ya taarabu, majina ya leso, utani wa mabinamu, yote haya ni maneno ya kutega na kufyatua, na mabingwa wake wengi ni wanawake. Na kwenye runinga, Mama Kayai wa Vitimbi amechekesha Kenya nzima kwa miaka mingi, na baada yake wakaja kina Teacher Wanjiku, Jemutai na Mammito. Kilicho kigeni kwa binti wa Mombasa ni ukumbi wa mchanganyiko, wa usiku, wenye simu hewani. Kwa hiyo kazi yako si kumtafutia ujasiri. Kazi yako ni kuutengeneza ukumbi.

Wanawake peke yao au mchanganyiko? Vyote viwili, lakini usivichanganye kazi. Kikao cha wanawake watupu kiwe cha mazoezi, cha ndani, kila wiki. Onyesho la watu wote liwe la mchanganyiko, kila mwezi.

Kikao cha mazoezi hakihitaji ukumbi wa kukodi. Sebule kubwa inatosha, au chumba cha mikutano cha taasisi ya vijana. Ukiwa karibu na Mji wa Kale, kaulize Swahilipot Hub, wanapokea shughuli za sanaa. Wawe wachekeshaji sita hadi wanane, na kila mmoja aje na shoga yake mmoja au wawili wa kusikiliza. Ukiwa na wasikilizaji kumi na wawili tayari kicheko kinasikika. Wakiwa watano kila mtu anamwonea mwenzake haya. Sharti la simu liwe kama la kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu: simu zote mkobani, au zikusanywe mlangoni. Akina mama wa Mombasa wamelizoea hilo tangu zamani, halihitaji maelezo. Simu inayoruhusiwa ni ya mchekeshaji mwenyewe, ikirekodi sauti tu.

Kila mmoja apewe dakika tatu. Kwa Kiswahili cha mazungumzo, pamoja na nafasi za watu kucheka, hayo ni maneno kama mia tatu, karatasi moja ya daftari na kidogo. Baadaye akasikilize rekodi na kalamu mkononi, aweke alama kila palipochekwa. Dakika moja ikiwa na alama tatu au nne, inakwenda. Sekunde arobaini zikipita bila alama, hapo pana maelezo mengi kuliko yanayohitajika, na dawa yake ni kukata, si kuongeza kelele.

Kosa tunalolikuta mara nyingi kwa wanaoanza ni kulizika lile neno la mshtuko katikati ya sentensi. Mtu anasema: "Mama mkwe aliniletea mizani siku ya harusi yangu kama zawadi, yaani." Kila kitu kimo, na hakuna anayecheka, kwa sababu "mizani" imeshatoka mdomoni na bado yeye anaendelea. Aseme hivi: "Mama mkwe kanitunza harusini. Zawadi kaifunga kwa karatasi ya maua, kaishika kwa mikono miwili, kaniletea mbele ya watu: mizani." Kisha anyamaze. Kiswahili kinamruhusu kulisogeza neno hadi mwisho bila kuvunja sentensi, na hiyo ni neema kubwa kwa mchekeshaji. Maadui zake ni "yaani", "si mnaelewa", "hivyo tu", vinavyodandia mkia na kukifunika kicheko kabla hakijainuka. Mfuate mchekeshaji wako na hili kwa wiki tatu na utaona tofauti.

Na usimpangie mada. Waandaaji wengi humwambia mwanamke aongee kuhusu waume, ndoa na uzazi, kisha wanalalamika kwamba wanawake wote wanasema mambo yale yale. Muuzaji wa samaki Likoni anajua mambo ya feri kuliko wanaume wote kwenye orodha yako. Mwache aseme hayo.

Utawapata wapi? Umetaja mwenyewe ma-emsii wa harusi. Waongezee waliowahi kushiriki tamasha la kitaifa la drama za shule, hasa walioigiza ngano peke yao jukwaani; hao wameshasimama mbele ya ukumbi uliojaa wakiwa na miaka kumi na mitano. Waongezee walimu wa chekechea, makanga, wauzaji wa Marikiti, na wanaotengeneza video fupi za simu. Hao wa video wanahitaji uangalifu: Anne Kansiime wa Uganda alipata umaarufu mkubwa kwa vitimbi vifupi vya YouTube na jukwaani pia anajaza kumbi, lakini video inakatwa na kurudiwa, jukwaa halirudiwi. Wapitishe kwenye mazoezi kama wengine, hata kama wana wafuasi laki moja.

Baada ya wiki nane za mazoezi, aliyehudhuria sita anapanda kwenye onyesho. Hapo sasa tuje ukumbini kwako.

Saa ndiyo itakayobadilisha mambo zaidi ya yote. Jaribu Jumapili saa kumi na robo jioni, baada ya alasiri, umalize saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya magharibi. Mchekeshaji anarudi nyumbani mchana, msikilizaji mwanamke anarudi nyumbani mchana, anayevuka Likoni havuki usiku wa manane, na mwenye watoto hahitaji kumbembeleza mtu akae nao hadi saa tano usiku. Ubaya wake ni mwanga. Watu hawacheki vizuri wanapoonana nyuso. Funga mapazia mazito au vitambaa vyeusi madirishani, taa za wasikilizaji zizimwe nusu, ya jukwaani iwe kali na moja tu inayomulika uso, si tumbo. Na kwa kuwa mapazia yataleta joto, feni ziwashwe zote saa nzima kabla, halafu za karibu na jukwaa zizimwe onyesho linapoanza, maana upepo ukipiga maiki unasikika kwenye spika kama bahari.

Ukumbi wa viti 120 ni mkubwa mno kwako. Ukitarajia watu 60, weka viti 50 na vingine kumi viwe pembeni vimekunjwa. Meza za mviringo za harusi ziondoe kabisa, kwa sababu nusu ya watu wanakaa wamelipa jukwaa kisogo na kila meza inakuwa baraza lake. Safu zilizobanana, ya kwanza hatua mbili tu kutoka jukwaani, zijazwe kuanzia mbele na mtu maalumu wa kuwakalisha. Kicheko ni kama moto wa makaa, kinashika jirani kwa jirani; kiti kitupu ndicho kinachokizima. Ukumbi wa Little Theatre Club una faida hiyo ya viti kutazama mbele tayari. Jukwaa la wazi kando ya bahari linapendeza kwa muziki, lakini kwa vichekesho linakunyima: kicheko kinapanda juu, hakirudi kwa mchekeshaji, naye anadhani amekataliwa, anaharakisha, na akiharakisha kweli anaharibu.

Sasa maiki, kwa sababu maiki imewamaliza wanawake wengi kuliko wazomeaji. Fundi wa sauti hupima kwa sauti yake mwenyewe saa nane mchana, akaondoka kwenda kula. Sauti nene ya mwanamume ikipimwa hivyo, mwanamke akija hasikiki. Fundi anapandisha kwa pupa, spika zinalia, ukumbi unashika masikio, na kosa analibeba yule aliye jukwaani. Dawa: kila mchekeshaji apime sauti yake kwa sekunde thelathini, na asiseme "moja mbili tatu". Aseme mstari wake wa kelele kuliko yote, kisha ule wa chini kuliko yote. Fundi aandike kipimo cha kila mmoja kwenye karatasi kwa jina lake. Besi iliyo chini ya hezi 100 ipunguzwe kwa wote; pale hakuna sauti ya mtu inayohitajika, kuna mtetemo wa sakafu tu. Spika kuu ziwe mbele ya maiki, zisiitazame.

Maiki ya mkononi ya kawaida, kama Shure SM58, inataka kuwa karibu na mdomo, upana wa vidole vitatu hivi, na ishikwe kwenye mpini. Mtu akikumbatia kile kichwa chake cha wavu, italia. Usimpe aliyevaa ushungi maiki ile ndogo ya kubana nguoni. Kitambaa kinaisugua na watu watasikia mchakacho mwanzo hadi mwisho. Stendi ishushwe na emsii kabla hajataja jina la anayefuata, na stendi yenyewe iwe nzito chini. Ngazi za jukwaa zitiwe utepe mweupe ukingoni, kwa sababu anayepanda na buibui au dera haoni anapokanyaga. Hili linaonekana dogo hadi siku mtu atakapojikwaa mbele ya watu tisini.

Emsii wako mweke kitako kabla ya onyesho lijalo. "Kitu cha kutuliza macho" kilimfanya mgeni wako apande akiwa ameshashuka: ukumbi uliambiwa umtazame, haukuambiwa umsikilize. Vijana wa meza ya mbele walifuata tu mlango uliofunguliwa na emsii. Makaribisho yawe na mambo matatu: anatoka wapi, amefanya nini, jina lake kamili likiwa la mwisho ili makofi yalipokee. "Anatoka Changamwe, harusi zote za mtaani zinamgombania, mpokeeni," halafu jina. Asiseme dada mrembo, asiseme "sasa tumpe mwanamke nafasi", na akishuka asiongeze neno juu ya mwili wake wala mavazi yake. Mpe maneno hayo kwa maandishi. Akikataa kuyasoma, tafuta emsii mwingine, na ungefanya vyema akiwa mwanamke.

Kuhusu idadi: mwanamke mmoja kati ya wanane anabeba wanawake wote mgongoni. Akianguka, "wanawake hawachekeshi". Wanaume watatu wakianguka usiku ule ule, wameanguka watatu tu. Ukiweka wawili, ukumbi utawashindanisha wao kwa wao. Kuanzia watatu watu huacha kuhesabu, wanasikiliza. Kwa hiyo punguza orodha iwe ya watu saba, watatu wao wanawake angalau, na mmoja wao ashike ama nafasi ya emsii ama ya kufunga.

Mpangilio wa dakika uende hivi. Emsii anafungua kwa dakika nane. Watatu wa kwanza dakika saba saba, na dakika mbili za emsii baada ya kila mmoja. Mapumziko dakika kumi na mbili. Wawili wengine saba saba, vivyo hivyo, kisha wa kufunga ishirini. Jumla ni dakika 85. Mgeni kabisa asiwe wa kwanza, ukumbi bado una ubaridi, wala asipewe nafasi ya kwanza baada ya mapumziko, kwa sababu watu bado wanatafuta viti na soda. Nafasi ya pili ndiyo ya kumlea mgeni. Kurunzi nyekundu imulikwe kutoka nyuma ya ukumbi zikibaki sekunde sitini, kwa wote sawasawa. Wanaume wakiachiwa kupitiliza, dakika zinazoliwa mara nyingi ni za wanawake wa mwisho.

Wazomeaji. Kabla ya mchekeshaji wa kwanza, emsii aseme waziwazi kwamba kumjibu mchekeshaji anapouliza ni sawa, kumuuliza mchekeshaji habari za mwili wake au ndoa yake si sawa, na anayefanya hivyo anatolewa na pesa harudishiwi. Maneno hayo hayo yaandikwe kwenye tiketi. Pembeni ya ukumbi wasimame watu wawili wenye adabu, mmoja mwanamke. Mtu akianza, mmoja anamwinamia sikioni na kumkanya mara moja. Ya pili anatoka. Usimwachie mchekeshaji kupigana. Mwenye miaka kumi kazini anaweza kumgeuza mzomeaji kuwa kichekesho, mwenye miezi mitatu hawezi, na hatakiwi kuweza. Kundi la vijana wanane likija pamoja, usilikalishe safu ya mbele. Ligawe au liweke safu ya nne.

Lile la video lingetosha peke yake kumfukuza binti yule, na hapo kosa ni la waandaaji, tunakwambia bila kukuficha. Tangaza mlangoni na jukwaani kwamba kurekodi ni marufuku. Rekodi wewe mwenyewe kwa simu mbili, moja mbele na moja pembeni, sauti ikitoka kwenye mitambo. Kabla ya onyesho kila mchekeshaji atie sahihi karatasi moja fupi inayosema video ni yake kwanza, kwamba hakuna kipande kitakachowekwa popote hadi akione na akikubali, na kwamba akitaka kitolewe kitatolewa ndani ya saa 48. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa ridhaa uzito, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inagusa usumbufu wa mtandaoni. Binti akiandamwa kwa ujumbe wa matusi, msaidie kuhifadhi picha za ujumbe huo na kwenda kuripoti, usimwambie avumilie. Vipande vizuri viwe vya sekunde arobaini hadi sitini, na maandishi ya Kiswahili chini, maana wengi hutazama bila sauti. Kipande chenye mzomeaji usikitoe hata kama kitapata watazamaji. Kitawaita wazomeaji wengine.

Familia nayo isemwe. Mpelekee mchekeshaji ratiba iliyoandikwa: saa ya kufika, saa ya kupanda, saa ya kuondoka, nani atakuwepo, anarudi na usafiri gani. Mpe tiketi moja ya bure kwa atakayemsindikiza, mama, dada, mume, yeyote amtakaye. Chumba cha kujitayarishia kiwe na kitasa kinachofunga, na choo kiwe na maji. Binti mwenye ratiba mkononi ana la kumwambia kakake. Asiye nayo anabaki kusema "naenda tu mahali".

Pesa sasa, tutumie mfano na wewe ujaze bei za kwenu. Tiketi 60 kwa shilingi 300 ni 18,000. Ukumbi 3,000, sauti 4,000, wachekeshaji watano 1,000 kila mmoja, wa kufunga 2,500, emsii 1,500, nauli za wote 2,000. Imekwisha yote, hujabaki na senti. Maana yake tiketi ya sitini ndiyo mstari wako: chini yake una hasara, juu yake ndipo unapoanza kupata. Jua mstari huo kabla ya kuchapisha bango. Ukiogopa, jadiliana na mwenye ukumbi achukue mauzo ya vinywaji na vitafunio akusamehe kodi. Kwa Jumapili jioni wengi wana viti vitupu. Usikate nauli wala malipo ya wachekeshaji, hayo ndiyo ya mwisho kuguswa. Kila nafasi iwe na bei yake, na bei isimjue mwanamume wala mwanamke. Walipwe siku hiyo hiyo, kwa M-Pesa, kabla spika hazijafunguliwa kamba.

Tiketi ziuzwe mapema kwa namba ya till, mafungu ya watu wanne kwa shilingi 1,000, kwa sababu wanawake wa Mombasa hutoka na wenzao. Fungu likiuzwa umepoteza 200 na umejaza viti vinne, na safu ya mashoga wanne waliokuja pamoja hucheka kuliko watu kumi wasiojuana. Ila kumbuka kuhesabu upya ule mstari wako. Bango liwe na picha za wote kwa ukubwa mmoja, na lisiandikwe "malkia wa vichekesho" chini ya jina la mwanamke huku wenzake wameandikwa majina tu.

Binti wa harusi, usimpigie tena. Mtumie ujumbe mmoja. Mwombe radhi kwa makaribisho yale, kwa maiki na kwa video, ukitaja kila kimoja. Mwambie umeiripoti video ili iondolewe, ukiwa kweli umeiripoti. Mlipe dakika saba zote kama hukumlipa. Halafu mweleze kikao cha wanawake kipo siku gani na wapi, na kwamba anaweza kuja kukaa tu asikilize. Usimwombe jibu.

Anza mazoezi wiki ya pili baada ya Idi, si kabla. Wiki nane zikiisha, panga maonyesho manne mfululizo na usibadilishe chochote kikubwa katikati, hata la kwanza likija na watu 38. Kila mara andika daftarini waliohudhuria, tiketi zilizouzwa kabla ya siku yenyewe, na nani kati ya wanawake amerudi. Hiyo hesabu ya mwisho ndiyo ya kumwonyesha mwenzako.